Madamu wa Koma ya Juu

Katika mkoba wa Madamu kulikuwa na vitu vitatu ambavyo havikutoka humo siku zote nilizomjua: rozari, wembe uliofungwa kwenye karatasi, na chupa ndogo ya rangi nyeusi ya kucha. Rozari ilikuwa ya kwake. Wembe na rangi vilikuwa vya vibao vya watu. Yeye hakupaka kucha. Alizikata fupi kama kuruta. Lakini akipita mtaani Kasese akakuta kibanda kimeandikwa “Tomato's”, alisimama, akatoa wembe, akaikwangua ile alama iliyoning'inia mbele ya herufi ya mwisho. Akikuta “Mamas Kitchen”, alichovya kibrashi na kuiongeza. Hakuomba ruhusa. Akimaliza alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kutazama kazi yake, kisha akaenda kununua nyanya kwingine.

Jina la kitaalamu la alama hiyo ni apostrofi. Sisi aliotufundisha tuliiita koma ya juu, na mwenyewe tukamwita Madamu wa Koma ya Juu, nyuma ya mgongo wake, tukidhani hajui. Siku moja ya kufunga shule aliliandika jina hilo lote ubaoni kwa Kiingereza, akatugeukia na kutuuliza kama tumekuwa tukiliandika sawa. Tulitamani ardhi ipasuke.

Mimi ni mtoto wa sajini. Baba alitoka Teso akapangiwa kambi ya Kasese, na humo kambini ndimo nilimojulia Kiswahili, kabla hata sijaijua vizuri lugha ya bibi yangu. Madamu alinifundisha Kiingereza miaka minne katika shule ya watoto wa wanajeshi. Baadaye nilifungua duka la kuchapa na kutoa kopi huko Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani Mpondwe, naye alipostaafu akahamia Bwera, na tukawa tunaonana karibu kila siku. Mpaka leo sijawahi kumwita kwa jina lake, na sitaanza hapa.

Kuna jambo nitalisema mapema, maana sipendi kumzungusha mtu. Madamu alisahihisha maelfu ya karatasi, na karatasi moja tu ndiyo aliyotamani irudi mikononi mwake. Ilikuwa barua ya binti yake wa pekee, aliyeolewa Butembo. Aliisahihisha kwa wino mwekundu, akaipa alama, akairudisha ilikotoka. Ndani yake mlikuwa na habari ya mtoto aliyezaliwa na kufa, na Madamu alikuwa hajaisoma. Binti akanyamaza. Miaka sita Madamu aliishi akitaka jambo moja tu: kumwambia mwanawe “nisamehe” uso kwa uso, na kumuuliza yule mtoto alikuwa nani. Mimi nilikuwepo siku ile. Hata ile kalamu nyekundu nilimpa mimi.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa roho ngumu. Alikuwa mkali, ndiyo, na mdomo wake ulikata, lakini mkono wake ulikuwa wazi. Chai aliinywa bila sukari, na sukari aliinunua kila mwezi kwa ajili ya wageni. Karanga alikula moja moja, akiichambua kila moja kama anaitafutia kosa, na mfuko uliobaki aliumimina kwenye viganja vya mtoto yeyote aliyepita. Alikuwa na mwavuli uliovunjika mbavu mbili, akaukataa mpya niliompa, akisema wa zamani unajua anakoishi.

Somo la koma ya juu alilianza kwa swali moja tu: hii ni ya nani? Alishika daftari, kiatu, kikombe, akauliza, nasi tukaandika. Kwa watoto wa kambini swali hilo lilikuwa gumu kuliko alivyodhani. Nyumba ilikuwa ya jeshi. Kitanda cha jeshi. Hata sufuria ya Mama ilikuwa na namba chini. Aliwahi kumuuliza mtoto mmoja wa koplo kitanda anacholalia ni cha nani.

“Ya gavumenti, Madamu.”

“Na blanketi?”

“Ya gavumenti.”

“Na usingizi wako?”

Mtoto akafikiri. “Hiyo iko yangu, lakini bugle ya asubuhi inachukua.”

Kesho yake tulikuta Madamu ameandika kwa chaki majina yetu kwenye ukingo wa madawati, kila jina na koma yake ya juu na herufi yake ya mwisho, na neno “dawati” kwa Kiingereza. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona jina langu limemiliki kitu. Sikufuta ile chaki muhula mzima. Niliandika nikiwa nimeinua mkono.

Makosa ya watu aliyajua kama daktari ajuavyo magonjwa ya mtaa wake. Wauzaji waliweka koma kila walipoona vitu ni vingi: “Chapati's”, “Phone's”, “Egg's”. Wenye saluni waliitupia popote, “Ladie's”, kana kwamba kuna mwanamke anaitwa Ladie. Wanajeshi waliiacha kabisa, maana katika ripoti waliona ni urembo. Na wasomi, hao walianguka kwenye “its”. Ukiiweka koma pasipostahili, Madamu hakukemea. Aliandika pembeni “it is?” na kukuacha usome mwenyewe sentensi yako, mbwa akitikisa “ni mkia”. Ukimuuliza kwa nini “its” ya umiliki haina koma ilhali vitu vingine vyote vinayo, alijibu kwamba kitu hakina mdomo wa kudai mali yake mahakamani, basi kinyang'anywe. Nimefundishwa na watu wenye shahada kubwa tangu hapo, na hakuna aliyenipa sababu bora.

Mtoto wa polisi mmoja alimshinda siku moja tu. Alinyoosha mkono akauliza: “Madamu, na ng'ombe? Hiyo pia iko na koma ya juu. Ni ya nani?” Madamu alicheka mpaka akakaa kwenye dawati la mbele, akavua miwani, akafuta macho. Hatukujua kama anaweza kucheka hivyo. Kipindi kikaisha hajajibu.

Kibao cha bwalo la maafisa ndicho kilichomfanya ajulikane kambi nzima. Kiliandikwa “Officer's Mess”. Madamu alimwendea mkuu wa kambi ofisini, akasimama wima, akamwambia kwamba kwa maandishi yale bwalo ni la ofisa mmoja tu.

“Madamu,” mkuu akasema, “na hiyo ofisa iko mimi.”

“Basi, Afande, hawa wengine wanakula kwako kila siku. Pole sana kwa mama watoto.”

Jioni ile askari alipandishwa ngazi na kopo la rangi, na mkuu mwenyewe chini akiamrisha: “Wewe! Peleka mbele hiyo kitu! Mbele! Acha hapo! Shuka!” Askari akaweka koma mpya baada ya herufi ya mwisho, na ile ya zamani akaiacha, kwa sababu hakuna aliyemwamuru aitoe. Bwalo likawa la ofisa mmoja na la wote pamoja. Madamu alipita hapo miaka mingi akigeuza uso upande wa pili.

Namna yake ya kusahihisha ilikuwa ya peke yake, na ni lazima niieleze. Rundo la madaftari alilipitia mara nne. Mara ya kwanza alitafuta koma za juu tu. Mara ya pili nyakati za vitenzi. Mara ya tatu tahajia. Mara ya nne ndipo aliposoma mtoto amesema nini. “Habari inadanganya macho,” alituambia, na walimu wapya aliwafundisha hivyohivyo. “Ukiifuata habari, makosa yanakupita hivi hivi.” Mwenzetu mmoja aliwahi kuandika insha kwamba jikoni kwao kumeungua na kila kitu kimeteketea. Alirudishiwa karatasi imechorwa nyekundu kama kawaida, tukaona ukatili. Kesho yake asubuhi Madamu alikuja shuleni amebeba blanketi mbili na sufuria. Mara ya nne alikuwa ameifikia.

Simu za mkononi zilipokuja alizikasirikia kama mtu aliyeibiwa. Watu walituma ujumbe bila koma ya juu, bila nukta, herufi moja ikisimama badala ya neno zima. Akakataa. Alinunua simu ya vitufe, akapokea sauti tu, na ujumbe wa maandishi aliufuta bila kuufungua. “Mwenye neno na mimi aniandikie barua,” alisema. Jamaa zake wa Rukoki, alikokuwa na shamba la kahawa, walimcheka, wakamtumia watu badala ya barua. Mtu aliyeyachukulia maneno yale kwa uzito alikuwa binti yake.

Tangu binti akiwa shule ya bweni walikuwa na mchezo wao. Binti aliandika barua, Madamu akaisahihisha na kuirudisha, binti akaiandika upya safi na kuituma tena. Hiyo safi ndiyo Madamu aliyoisoma kama mama. Ndiyo aliyoijibu, ndiyo aliyoiweka chini ya mto. Wengine wangeona ni adhabu. Wao wawili walicheka nayo. Binti wakati mwingine alitega makosa kwa makusudi kumpima mama yake. Niliwahi kuwaona likizoni wamelala kwenye mkeka kifudifudi wakibishana juu ya alama moja, na Madamu ndiye aliyekuwa anapiga miguu.

Kisha binti akaolewa na mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo aliyekutana naye sokoni Mpondwe. Madamu alilia harusini, akasema analia kwa sababu wajukuu watasoma Kifaransa. Ndipo alipohamia Bwera, ili akipanda kilimani aione Kongo. Habari zilikuja na wafanyabiashara siku za soko, Jumanne na Ijumaa. Tulisikia kwamba binti ana mimba. Halafu kukawa na mapigano upande wa Beni, barabara ikafungwa, miezi ikapita bila mtu wala neno.

Barabara ilipofunguliwa, Ijumaa ya kwanza kabisa, muuza vitenge mmoja Mkongo alisimama mlangoni kwangu asubuhi. Duka langu ndilo lililokuwa posta ya watu wa huko na huku.

“Mama, iko letre ya mutoto wako,” akamwambia Madamu. “Bamenipatia ku njia. Nitarudia saa kumi, nivuke. Kama iko jibu, unipatie.”

Madamu aliibusu bahasha. Akaifungua, akahesabu kurasa. “Mbili! Za Kiingereza, huko kwa Wafaransa!” Uso wake ulikuwa wa msichana. Akaniomba kalamu nyekundu, nikaichomoa kwenye kopo nikampa. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka barua juu ya mkoba, na kuanza mara ya kwanza, koma za juu tu, kidole kikishuka pembeni mwa mistari.

“Tazama hapa, mtoto wa sajini,” akaniambia. “Ameandika ‘babys’ bila koma. Miaka kumi na miwili nimemfundisha! Ameshakuwa Mkongo.”

Nilicheka. Nilikuwa nachapa kadi za harusi, sikuinua hata kichwa. Neno lile la Kiingereza, kwa namna lilivyoandikwa, lilikuwa linasubiri neno jingine baada yake: cha mtoto, nini cha mtoto? Mimi niliyefundishwa na yeye kuuliza hii ni ya nani, sikuuliza.

Mchana wateja walijaa. Familia moja ilikuja na ratiba ya mazishi, ikataka Madamu aipitie kwanza, maana watu wa Bwera walikuwa wamemzoea. Akaiweka barua kando na kuwasaidia. Alipoirudia, muuza vitenge alikuwa amekwisha fika, kabla ya saa kumi, amesimama nje anatoka jasho. Walisema mpaka utafungwa mapema siku hiyo.

“Mama, tuende, tuende! Beko nafunga!”

Alikuwa amemaliza mara tatu. Akaandika chini ya ukurasa wa pili: kumi na nne juu ya ishirini. Umesahau mengi. Andika upya. Akaikunja, akaitia katika bahasha yangu mpya. Nilimuuliza kama hataisoma kwanza. Hilo nililiuliza, Mungu ni shahidi wangu, lakini niliuliza kwa mdomo tu, nikiendelea na kadi zangu.

“Atanitumia safi,” alisema. “Hiyo nitaila polepole.”

Ijumaa mbili baadaye muuza vitenge alirudi. Hakuwa na bahasha. Alivua kofia mbele ya Madamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Mama, pole sana na kile kilio.”

“Kilio cha nani?”

Yule bwana akanitazama mimi, kisha akamtazama tena. “Ya mutoto. Mujukuu yako. Si aliandika mu letre?”

Sitaki kueleza sana uso wa Madamu. Alimuuliza kama mtoto alikuwa mvulana au msichana. Muuza vitenge hakujua. Aliambiwa “mutoto” tu, na binti mwenyewe hakumwona, barua ilipokewa mlangoni na shemeji yake binti. Alisema kwamba siku aliyoifikisha ile bahasha alisikia mtu analia ndani, akadhani ni msiba ule ule. Alipoondoka, Madamu alibaki kwenye benchi mpaka nikafunga duka. Alisema mara moja tu, polepole, kwa Kiswahili:

“Lile neno nililiona. Nikaweka koma. Sikutazama linalofuata.”

Kwa wageni wa huku nieleze kidogo. Wakonzo, kabila la Madamu, na ndugu zao wa Butembo vilevile, mtoto humpa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere. Msichana wa kwanza ni Masika, kama alivyo binti mwenyewe. Hutafuti jina, linakusubiri. Kwa hiyo Madamu alikuwa na majina mawili na mtoto mmoja, na hakujua amlilie yupi. Kila Novemba, parokiani wanapokusanya majina ya marehemu wa kuombewa, alijaza karatasi yake kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: Mumbere, Masika. Katekista akayasoma yote mawili. Watu walimpa pole kwa wajukuu wawili, naye akapokea pole zote mbili, kwa sababu kumsahihisha mtu kungemlazimu kueleza.

Aliandika barua saba. Nilizichapa mbili, nyingine aliziandika kwa mkono, na nijuavyo mimi hazikuwa na neno moja la Kiingereza. Hazikujibiwa. Namba za simu hazikupatikana. Baadaye tukasikia binti na mumewe wamehama Butembo, wengine wakasema Beni, wengine mbali zaidi. Mara mbili Madamu alijaribu kuvuka kwenda kumtafuta. Mara ya kwanza alifika Kasindi, akaambiwa gari la jana limechomwa njiani, akarudishwa. Mara ya pili askari wa upande wetu alimtambua. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alimshika mkono mbele za watu na kumwambia, “Madamu, mimi siwezi ruhusu wewe uende kufa. Piga mimi ukitaka.” Madamu alimpiga kweli, kofi moja. Kisha akamwomba radhi, akapanda boda akarudi Bwera.

Baada ya hapo hakukwangua kibao tena. Siku moja tulikuwa tunatoka mjini, basi likasimama Kikorongo watu wanunue mahindi ya kuchoma, na mbele yetu ukutani kumeandikwa “Cold Soda's” kwa herufi za urefu wa mtoto. Nilimwonyesha, nikitaka kumchangamsha. Alitazama, akasema, “Wameelewa watu,” akafunga macho. Nilijuta kumwonyesha.

Badala yake akaanza kusoma kila kitu mpaka mwisho. Tangazo la mkutano wa kijiji, karatasi ya ndani ya paketi ya dawa, ratiba ya harusi ya watu asiowajua. Alisoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, hakuruka hata anwani ya mchapaji. Wateja walinung'unika: “Mama, mimi niko na haraka, gari inaondoka.” Alijibu kwamba na yeye aliwahi kuwa na haraka. Walidhani ni uzee.

Uzee wenyewe ulikuja mwaka jana, na haukubisha hodi. Alianza kwa kuuliza leo ni siku gani, kisha akauliza tena kabla sijafunga mdomo. Akapotea kati ya duka na nyumbani, njia ya dakika tano. Alimwita msichana anayemtunza kwa majina ya watoto waliosoma kambini miaka thelathini iliyopita. Mimi aliendelea kunijua, ila mara nyingi alinijua nikiwa na miaka kumi, akaniuliza kama baba amerudi kutoka zamu. Baba yangu amezikwa Teso. Nilimjibu kwamba bado.

Na mwaka huu, watu walipovuka Mpondwe kwa mamia wakiwa na magodoro kichwani, mwanamke mmoja mwembamba alisimama mbele ya duka langu, akatazama kibao, akatazama benchi. Nilimtambua kwa paji la uso la mama yake kabla hajasema.

“Ni wewe mwenye duka ya letre?”

Nikasema ni mimi. Nikamkaribisha, akakataa kukaa. Alikuwa amefikia kwa rafiki Kinyamaseke. Mume alikuwa amekufa njiani. Alilisema kama mtu anayetaja kituo alichopita.

“Nimekuja kumuona Mama. Iko na maneno moja nataka kumwambia. Nimeipanga miaka sita, haiko ndefu.”

Nilimweleza yote, pale pale nimesimama. Mara tatu na mara ya nne. Mpaka uliofungwa mapema. Majina mawili ya Novemba. Kofi la askari. Nilimwambia kwamba kalamu ilikuwa yangu na kwamba nilicheka, nikamwomba anisamehe. Alisikiliza akitazama barabara. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema.

“Kwa hiyo hakuisoma,” alisema hatimaye. “Mimi niliandika Kingereza wiki nzima, na ile maziwa inanitoka ku kifua, juu nilijua ndiyo anapenda. Na hakuisoma.”

Nikamwambia pia kwamba Madamu siku hizi anasahau.

“Batu yote banasahau ile yenye banataka,” akajibu, akaniambia nitangulie.

Tulimkuta Madamu uani, ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage, moja moja. Aliinua kichwa. Mimi nilisimama kando, nikiwa nimeshika mwimo wa mlango, nikimwomba Mungu amrudishie akili kwa dakika tano tu, neno moja tu limtoke, lile alilolibeba miaka sita. Uso wake ukafunguka. Alimjua. Alimjua mara moja, bila kusitasita, kuliko anavyonijua mimi.

“Masika! Umefika! Barabara wameifungua?”

“Wameifungua, Mama.”

Binti alikuwa amesimama, mikono imeshika kanga kwa nguvu. Niliona midomo yake inajipanga. Madamu akasukuma ungo, akapiga mkeka kwa kiganja, kaa hapa, akamtazama mgongoni, akamtazama kifuani, akimtafuta mtu.

“Na mtoto? Mtoto hajambo?”

Jirani alikuwa anatwanga mihogo, nikahesabu mapigo, nikapoteza hesabu. Masika alishuka taratibu mpaka akakaa.

“Hajambo, Mama.”

“Hukuniambia ni mvulana au msichana. Au uliniambia?”

“Sikukuambia. Ni mvulana.”

“Mumbere,” Madamu akasema. Akalirudia, peke yake, bila lile jina jingine. “Mumbere wangu. Ananyonya vizuri?”

“Ananyonya.”

“Umemwacha na nani?”

“Eko na baba yake.”

Madamu akaridhika. Akavuta ungo, akampa binti fungu lake la maharage, wakachambua pamoja. Nilitoka nje ya ua nikalia ukutani kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Masika huja kila Ijumaa sasa, kutoka Kinyamaseke, na kila Ijumaa huulizwa. Neno la msamaha halikusemwa na halitasemwa. Mwenye kulisema amelisahau, na amesahau pamoja nalo kwa nini alilihitaji. Nilimuuliza Masika juzi kama haoni afadhali amwambie ukweli, hata mara moja, ili yeye mwenyewe aupate moyo wake. Tulikuwa tumesimama nje ya nyumba ya mama yake, jua linashuka upande wa Kongo. Aliniambia kwamba mtoto aliishi wiki tano. Siku hiyo alikuwa amemwambia mama yake kwamba mtoto ameanza kukaa bila kushikwa.

“Pahali pengine pote alikufa,” alisema. “Kwa Mama tu ndiyo eko muzima. Sasa nimutoe pale, nimupeleke wapi?”

Ndani, Madamu aliita kwa sauti ile iliyokuwa ikifika mpaka nyuma ya darasa, akauliza kama mtoto amefunikwa, maana baridi ya mlimani imeanza kushuka.

“Amefunikwa, Mama,” Masika akajibu, akaingia.